Leza za faiba zenye masafa mamoja, nguvu kubwa na kelele ndogo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yametoka kwa wanafunzi wa fizikia, mafundi wa mkongo na wahandisi wa mawasiliano ambao wamekuwa wakiniuliza kuhusu kazi hii. Mengine nimeyajibu kwa mistari michache kwa sababu hayahitaji zaidi. Mengine, hasa yale ya kelele na ya Brillouin (mwanga kurudishwa nyuma na sauti ndani ya kioo), nimekaa nayo, kwa kuwa hapo ndipo kazi yenyewe ilipo. "Faiba" hapa ni uzi wa kioo uleule unaoleta intaneti, ila umetiwa madini machache ndani yake. "Kelele" si sauti, nitaieleza mbele.

Masafa mamoja maana yake nini?

Masafa hapa si umbali, ni idadi ya mitetemo ya mwanga kwa sekunde, na ndiyo yanayoamua rangi yake. Leza ya kawaida ina vioo viwili vinavyotazamana, na mwanga huenda na kurudi kati yao. Unaoruhusiwa kukaa humo ni ule tu ambao nusu za wimbi lake zinaenea kamili kati ya kioo na kioo bila kubaki kipande. Kwenye faiba ya mita 10, nafasi hizo zinaachana kwa megahezi 10 tu, ilhali yterbi, yaani madini tunayotia kwenye kioo ili kikuze mwanga, hukuza upana wa terahezi kadhaa. Kwa hiyo kuna mamia ya maelfu ya nafasi zinazogombea nguvu ileile. Leza ya faiba ya kawaida hutoa nyingi kwa pamoja, na hazitulii: hii inapanda, ile inashuka, wakati wote.

Fupisha faiba hadi sentimita 5, na nafasi zitaachana kwa gigahezi 2 hivi. Badala ya vioo, chora gretingi ndani ya kiini cha faiba kwa mwanga wa urujuanimno, yaani michirizi midogo sana inayorudisha rangi moja na kuacha nyingine zipite. Hapo inabaki nafasi moja tu. Mwanga wa nanomita 1064 hutetema mara trilioni 282 kwa sekunde. Leza nzuri ya aina hii huyumba kwa kilohezi chache tu kutoka hapo. Nimeifanya kazi hii muda mrefu na bado namba hiyo hunishangaza.

Inatofautianaje na leza ya faiba inayokata mabati karakanani?

Ile ya karakana inaweza kuwa na kilowati 3, 6 au zaidi, na haijali masafa hata kidogo. Bati halihitaji kujua mwanga una rangi ngapi, linahitaji joto. Yetu inaweza kuwa na wati 100 tu na ikawa ngumu zaidi kuijenga, kwa sababu kila njia ya mkato inayotumika kwenye ile ya karakana (faiba ndefu, rangi nyingi, daiodi nyingi zilizorundikwa) hapa inaharibu kitu.

Nani anahitaji wati nyingi na utulivu kwa wakati mmoja?

Mfano mkubwa ni wapimaji wa mawimbi ya mvutano, yaani mitikisiko ya nafasi yenyewe. Tarehe 14 Septemba 2015, vituo viwili vya LIGO huko Marekani, kimoja Hanford na kingine Livingston, vilinasa wimbi lililotokana na mashimo meusi mawili kugongana na kuungana. Mikono ya kila kituo ina urefu wa kilomita 4, na badiliko lililopimwa lilikuwa dogo mara mamia kuliko kipenyo cha protoni. Rula ya kipimo hicho ni mwanga wa leza wa nanomita 1064.

Kwa nini wati nyingi? Kwa sababu mwanga huja kwa chembe, fotoni, na chembe haziji kwa mpangilio. Ni kama mvua juu ya paa la bati: hata ikinyesha sawasawa, huwezi kusema tone lijalo litaanguka lini. Ukiongeza fotoni mara nne, mashaka ya kuhesabu yanapungua kwa nusu. Kwa hiyo watu wa mawimbi ya mvutano wanaomba nguvu. Lakini leza hiyo ikitikisika yenyewe hata kidogo, mtikisiko wake unafunika wimbi lililosafiri zaidi ya miaka bilioni moja kufika hapa. Ombi hilo la pande mbili ndilo lililoizaa fani nzima ninayoieleza.

LIGO hutumia mbegu (leza ndogo safi inayoanzisha mwanga) ya fuwele ya neodimi ya wati 2 na amplifaya (vikuza mwanga) za fuwele. Virgo, kituo cha Ulaya kilichopo karibu na Pisa, Italia, chenye mikono ya kilomita 3, kimehamia kwenye amplifaya ya faiba. Usanifu wa Einstein Telescope, kituo kijacho cha Ulaya, unataka leza ya wati 500 hivi kwa upande wake wa masafa ya juu. Na LISA, mradi wa satelaiti tatu zitakazoachana kilomita milioni 2.5, ambao shirika la anga la Ulaya liliupitisha Januari 2024, unatumia mbegu ya fuwele inayofuatwa na amplifaya ya faiba ya wati 2 hivi. Huko wati si nyingi, lakini hakuna fundi wa kwenda kufuta vumbi.

Wahitaji wengine wako karibu zaidi na ardhi. Kwenye darubini kubwa ya Paranal, Chile, kuna leza nne za wati 22 kila moja, zilizoanza kufanya kazi kwa pamoja mwaka 2016. Zinaanzia nanomita 1178 ndani ya faiba, kisha fuwele inaongeza masafa maradufu kuwa nanomita 589, ile rangi ya manjano ya sodiamu. Zinawasha atomi za sodiamu zilizopo kilomita 90 juu ya vichwa vyetu na kutengeneza nyota bandia, ambayo darubini huitumia kusahihisha mtikisiko wa hewa. Rangi ikihama kidogo, sodiamu haiitiki na nyota inazimika. Wanaopoza atomi za rubidiamu wanafanya jambo linalofanana: wanaanza na nanomita 1560 za erbi, madini mengine yanayotiwa kwenye faiba, na kuishia 780.

Kelele ya mwanga ni nini hasa?

Fikiria mpiga fidla kwenye kikundi cha taarabu anayeshikilia noti moja. Noti ikipanda na kushuka kwa ukubwa wa sauti, hiyo ni kelele ya nguvu. Noti ikiteleza juu na chini, kali kidogo, nzito kidogo, hiyo ni kelele ya masafa. Leza ina zote mbili, na kila moja ina chanzo chake na dawa yake. Usimkubali muuzaji anayekuambia leza yake ina "kelele ndogo" bila kusema ipi, na kwenye masafa gani ya kupimia. Leza inaweza kuwa kimya kabisa kwenye megahezi 10 na kupiga kelele kwenye hezi 100.

Halafu ipo kelele ya chini kabisa, ile ya mvua juu ya bati, ambayo hakuna ufundi wa kawaida unaoiondoa. Ukipima miliwati 1 ya mwanga wa nanomita 1064, kelele hiyo ya fotoni iko desibeli 154 chini ya nguvu yenyewe, kwa kila hezi moja. Hapa kuna jambo ambalo wageni wengi hawalioni mapema. LIGO iliweka hitaji la sehemu 2 kwa bilioni, kwa kila kipeuo cha pili cha hezi, kwenye hezi 10. Piga hesabu utaona kwamba huwezi hata kuuona utulivu huo kama kipima mwanga chako hakipokei karibu miliwati 100. Kwenye miliwati 1 mvua yenyewe inafunika kila kitu. Utulivu mkubwa unahitaji mwanga mwingi hata ili kuuthibitisha tu.

Kwa nini msijenge leza moja kubwa badala ya mbegu na amplifaya?

Kwa sababu ufupi unaotupa masafa mamoja ndio uleule unaotunyima nguvu. Sentimita 5 za faiba haziwezi kupokea wati 300 za pampu, yaani mwanga wa daiodi unaoilisha faiba nishati, bila kuchemka. Kwa hiyo kazi inagawanywa: leza ndogo, tuiite mbegu, inatoa miliwati chache au mia kadhaa za mwanga safi, kisha amplifaya mbili au tatu zinaikuza kwa zamu. Kati ya hatua na hatua unaweka aisoleta ili mwanga usirudi nyuma.

Usafi wote unatoka kwenye mbegu. Amplifaya inaweza kuulinda au kuuharibu, lakini si kuuongeza. Nimeona watu wakitumia fedha nyingi kwenye hatua ya mwisho na kuweka daiodi ya bei nafuu mwanzoni, kisha wanahangaika miezi kutafuta kelele ambayo imo tangu milimita ya kwanza.

Mbegu ipi ni bora?

Inategemea. Mbegu ya fuwele ya neodimi iliyokatwa iwe pete isiyo na vioo vya nje ilivumbuliwa na Kane na Byer mwaka 1985, na mpaka leo kwa nanomita 1064 sijaona inayoipita kwa utulivu wa masafa. Mbegu ya faiba yenye gretingi moja iliyochorwa na kuruka nusu hatua katikati ni ndogo, inaunganishwa moja kwa moja na faiba nyingine, na upana wake ni kilohezi chache. Udhaifu wake ni kwamba ni uzi: ukizungumza karibu nayo, inasikia. Ifungie ndani ya sanduku zito lenye joto lisilobadilika. Daiodi ni rahisi kuiyumbisha kwa makusudi, jambo zuri kwa mifumo ya kupima upepo, lakini kelele yake ya masafa ni kubwa zaidi.

Kwa nini yterbi na si madini mengine?

Ukipampu yterbi kwa nanomita 976 na kutoa 1064, kila fotoni inapoteza asilimia 8 tu ya nishati yake kuwa joto. Ndiyo maana wanaotaka nguvu kubwa huichagua. Erbi inatupa nanomita 1550, ambako faiba ya kawaida inapoteza mwanga kidogo kuliko popote, na thuli inatupa nanomita 2000 hivi.

Brillouin ni nini, na kwa nini kila mtu anailalamikia?

Huyu ndiye adui mkuu, na anastahili kuelezwa polepole.

Mwanga wenye nguvu unakikandamiza kioo kidogo. Mwanga unaokwenda mbele ukikutana na mwanga hafifu unaorudi nyuma, mkandamizo huo unakuwa na mistari, na mistari hiyo inatembea: ni wimbi la sauti halisi, linalokwenda karibu kilomita 6 kwa sekunde ndani ya kioo. Wimbi hilo nalo ni kama gretingi. Linarudisha sehemu ya mwanga nyuma, ukiwa umeshuka masafa kwa gigahezi 16 kama ni nanomita 1064, au gigahezi 11 kama ni 1550. Mwanga uliorudi unaongeza mkandamizo, mkandamizo unaongeza sauti, sauti inarudisha mwanga zaidi. Mduara huo ukishafungwa, kila wati unayoongeza inarudi kule ilikotoka, na huko ndiko mbegu yako iliko.

Ubaya ni kwamba wimbi hilo la sauti linapenda mwanga wa rangi moja. Upana wake ni makumi ya megahezi tu, kwa hiyo leza ya karakana yenye rangi nyingi haisumbuliwi. Ni usafi wenyewe unaoadhibiwa.

Hesabu ya haraka ambayo kila mtu kwenye fani hii huiandika pembeni mwa daftari: zidisha eneo la mwanga ndani ya kiini kwa 21, gawanya kwa urefu wa faiba na kwa kipimo cha ukali wa Brillouin, ambacho kwa kioo safi ni karibu mita 5 kwa bilioni 100 kwa wati. Mwanga wenye kipenyo cha mikromita 10 kwenye faiba ya mita 10 unakwama kwenye wati 3 hivi. Panua uwe mikromita 20 na ufupishe faiba iwe mita 3, unafika karibu wati 40. Hali halisi huwa nafuu kuliko hesabu hii, kwa sababu kwenye amplifaya nguvu kubwa iko mwishoni tu mwa faiba, lakini hesabu inakuonyesha pa kwenda: kiini kinene, faiba fupi, madini mengi.

Kisha zinakuja mbinu. Unapampu kutoka mwisho kuelekea mwanzo, ili mwanga ukue mita ya mwisho tu. Unaipa faiba joto tofauti kila sehemu, kwa kuwa Brillouin inahama megahezi moja hadi mbili kwa kila digrii. Sauti ya sehemu hii haipatani tena na sauti ya sehemu ile. Unaivuta kwa viwango tofauti unapoizungusha, na mvuto wa sehemu moja kwa elfu tu unatosha kuihamisha megahezi 50 hivi. Au unabadilisha kioo chenyewe kwa kutia alumini kwa hesabu, sauti itoroke kwenye kiini huku mwanga ukibaki.

Kwa mbinu hizo tumefika mbali. Watafiti wa Southampton, Uingereza, walipita wati 500 za masafa mamoja mwaka 2007. Maabara ya jeshi la anga la Marekani ilitangaza wati 811 mwaka 2014, kwa faiba yenye matundu iliyosanifiwa ili kuvuruga sauti. Lakini kwa upande wa kelele ndogo, ninazithamini zaidi kazi za Bordeaux, waliofika wati 365 zenye utulivu mkubwa, na za Hannover, ambako amplifaya mbili za wati 200 ziliunganishwa kwa fezi, yaani mawimbi yao yakipanda na kushuka pamoja, na kutoa karibu wati 400. Namba ni ndogo kuliko 811, ndiyo. Ila hizo ndizo leza ambazo mtu wa mawimbi ya mvutano anaweza kuzitumia.

Nitajuaje Brillouin imeanza?

Weka kipima nguvu kwenye njia ya kurudi, kabla ya hatua ya mwisho. Nguvu inayorudi ikipanda sawa na inayotoka, ni akisi za kawaida. Ikianza kukimbia kuliko inayotoka, punguza pampu papo hapo. Lakini kuna dalili ya mapema zaidi: tazama kelele ya nguvu ya mwanga unaotoka, kwenye eneo la megahezi. Inavimba kabla kipima nguvu hakijaonyesha lolote. Kwa anayejenga leza ya kelele ndogo, kikomo ni pale kelele inapoanza kuvimba, hata kama wati zingeweza kuendelea.

Mbona nasikia kuna leza za faiba za "mstari mwembamba" zenye kilowati kadhaa?

Zipo. Zinayumbisha fezi ya mbegu kwa makusudi ili mstari upanuke hadi gigahezi kadhaa, na Brillouin inakosa pa kushika. Kwa kuunganisha miale mingi ya leza kuwa mmoja, zinafaa. Kwa kupima mawimbi ya mvutano au kupoza atomi, hapana.

Baada ya Brillouin, kikwazo gani kinafuata?

Joto. Kiini ukikifanya kinene ili kuiepuka Brillouin, kinaanza kuruhusu maumbo mawili au zaidi ya mwanga. Maumbo hayo yakikutana yanatengeneza sehemu za moto na za baridi kando ya faiba, kioo cha moto kinabadilisha mwendo wa mwanga, na ghafla nguvu inaruka kutoka umbo moja kwenda jingine maelfu ya mara kwa sekunde. Watafiti wa Jena, Ujerumani, walianza kulieleza jambo hili mwaka 2010 hivi. Ukiuangalia mwale kwa kamera, unaona doa zuri la duara, halafu unaongeza wati chache na doa linatetemeka kama taa ya kibatari kwenye upepo. Dawa ya Brillouin na dawa ya joto zinavutana, na msanifu mzuri hutumia muda wake mwingi hapo katikati.

Kelele ya nguvu inatoka wapi na inapunguzwaje?

Kwenye yterbi, chini ya kilohezi chache hadi makumi ya kilohezi, kelele ya pampu inapita moja kwa moja hadi kwenye mwanga unaotoka. Juu ya hapo ioni za yterbi haziwahi kuifuata, na inayotawala ni kelele ya mbegu. Kwa hiyo dawa ya kwanza ni ya umeme: dereva ya daiodi iliyo tulivu, waya fupi zilizosokotwa pamoja, ardhi iliyounganishwa sehemu moja tu. Ukiona mstari mkali kwenye hezi 50 na 100, tafuta kwenye soketi kabla hujalaumu kioo.

Kisha unakata kipande cha mwanga unaotoka, unakipima kwa fotodaiodi, na kurudisha kosa kwenye mkondo wa pampu au kwenye kifaa kilichopo njiani kinachopunguza mwanga kwa kutumia wimbi la sauti ndani ya fuwele. Tumia fotodaiodi mbili. Moja iwe ndani ya mzunguko, nyingine nje. Ya ndani huonyesha mafanikio hata pale ambapo mzunguko unajidanganya, kwa sababu inafuta pia kelele yake yenyewe kwa kuiandika kwenye mwanga. Ya nje ndiyo shahidi.

Na kelele ya masafa?

Amplifaya iliyojengwa vizuri inaongeza kidogo sana. Mzigo uko kwa mbegu, na njia inayotumika duniani kote ni ile ya Pound, Drever na Hall ya mwaka 1983: unaifunga leza kwenye chemba ya vioo viwili vilivyotenganishwa na kioo kisichotanuka, ndani ya ombwe. Ila kumbuka faiba ndefu inasikia mtikisiko na joto. Mita 10 za faiba zikipashwa au kutikiswa zinabadilisha fezi. Usiziache zikining'inia hewani.

Nitapimaje upana wa mstari wa kilohezi moja?

Mbinu ya vitabuni ni kugawa mwanga, kuuchelewesha nusu moja kwenye faiba ndefu, kisha kuzikutanisha tena. Ugumu ni kwamba mwanga wa kilohezi moja unakumbuka fezi yake kwa zaidi ya kilomita 60 ndani ya faiba. Ili nusu mbili zisahauliane kabisa ungehitaji mara kadhaa ya hapo, sema kama Dar es Salaam hadi Dodoma, kilomita 450 hivi. Kwa nanomita 1550, ukiingiza wati 10 upande mmoja, upande wa pili zinatoka nanowati 10. Kwa 1064 hali ni mbaya zaidi. Afadhali utumie mita mia kadhaa za faiba, upime kelele ya masafa yenyewe kwenye kila hezi, kisha ukokotoe upana kutoka hapo. Grafu hiyo ina habari nyingi kuliko namba moja ya "upana".

Kwa nini splaisi yangu, yaani kiungo cha faiba mbili zilizoyeyushwa pamoja, inaungua?

Vumbi, pembe mbaya ya ukataji, au ganda lililokwanguliwa. Kwenye wati 50, chembe ya vumbi usiyoiona kwa macho ni kaa la moto. Na kuna jambo moja ukiliona mara moja hulisahau: kioo kikichemka mahali pamoja na kugeuka kuwa plazma, moto mdogo mweupe unaanza kutembea ndani ya faiba kuelekea kwenye chanzo cha mwanga, kwa mwendo wa mita moja hivi kwa sekunde, kama utambi wa baruti. Raman Kashyap aliliona jambo hili mwaka 1987. Ukikata faiba iliyopitiwa na moto huo na kuiweka chini ya hadubini, utaona kiini kimejaa mapovu yenye umbo la risasi, yamepangika sawasawa kama shanga. Faiba hiyo haitengenezeki. Zima mapema, uokoe zilizobaki.

Ni kosa gani linaloharibu vifaa vingi zaidi?

Kupampu bila mbegu. Amplifaya isiyo na kitu cha kukuza inajaza nishati hadi inajipasua kwa mshindo mmoja mkali unaorudi nyuma hadi kwenye daiodi za pampu. Nililijua hilo kwa maneno kabla sijalijua kwa macho. Kwenye maabara moja nilimofanya kazi, mbegu ilikuwa imechomekwa kwenye soketi ya kawaida na pampu kwenye betri ya akiba. Umeme ukakatika saa tisa alasiri. Pampu ziliendelea kwa sekunde chache. Sauti niliyoisikia ilikuwa ndogo, kama kuvunjika kwa kijiti cha kiberiti, na daiodi nne zikawa zimekwenda pamoja na mita tatu za faiba. Tangu siku hiyo, kila mfumo ninaougusa una fotodaiodi inayoiangalia mbegu na kukata pampu yenyewe, bila kumngoja mtu.

Macho yangu yako salama kwa kuwa mwanga hauonekani?

Hapana. Kutoonekana ndiko kunakoifanya iwe hatari zaidi. Mwanga wa nanomita 1064 unapita hadi kwenye retina na unailenga kama mwanga wa kawaida, lakini jicho halifumbi kwa sababu halioni kitu, na retina haina maumivu. Mwanga wa 1550 unaishia mbele ya jicho, na watu husema ni salama. Kwa miliwati chache, sawa, kwa wati 10 utaunguza konea. Vaa miwani iliyoandikwa urefu wa wimbi unaoutumia, na vua saa na pete.

Fundi wa mkongo anaweza kuingia kwenye kazi hii?

Ndiyo, na ninasema hivyo kwa moyo wote. Erbi inayokuza mwanga baharini kwenye nyaya za SEACOM na EASSy, zilizofika pwani yetu mwaka 2009 na 2010, ndiyo erbi ileile iliyofanyiwa kazi Southampton na Bell Labs mwaka 1987. Aliyeunganisha faiba juu ya nguzo, jua likiwaka na upepo ukivuma, tayari ana mikono ambayo mwanafunzi wa uzamivu anahitaji mwaka kuipata.

Mambo matatu yatakuwa mageni. Faiba inaweza kuwa na kipenyo cha mikromita 400 badala ya 125, kwa hiyo kukata na kuyeyusha kunabadilika. Faiba zinazotunza polaraizesheni (mwelekeo wa mtetemo wa mwanga) zina fimbo mbili kandokando ya kiini, na lazima uzizungushe hadi zipatane kabla ya kuunganisha. Na plastiki ya nje si kinga tu: kwenye faiba ya ganda mara mbili, hiyo plastiki ndiyo inayozuia mwanga wa pampu usitoroke. Ukiimenya, lazima urudishe ya aina ileile. Ukipaka gundi ya kawaida, pampu inamwagika hapo na splaisi inafuka moshi.

Nianze na nini nikiwa na benchi dogo?

Anza na nanomita 1550, kwa kuwa vifaa vya mawasiliano ni vingi na bei yake imeshuka. Tafuta daiodi ya mbegu ya masafa mamoja ya miliwati 10, mita chache za faiba ya erbi, daiodi ya pampu ya nanomita 976 ya miliwati mia kadhaa, aisoleta mbili na kiunganishi cha pampu. Utapata kama miliwati 100. Usikimbilie wati. Chukua miliwati chache kati ya hizo, ziingize kwenye fotodaiodi, uchore kelele ya nguvu kuanzia hezi 10 hadi megahezi 10, kisha utafute kila mlima kwenye grafu ni wa nani: wa soketi, wa feni, wa dereva, wa mbegu. Uondoe mmoja mmoja. Ukimaliza kazi ya siku, zima pampu kwanza, mbegu mwisho.